Uzee Nao Tuuwekee Akiba

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wa Butembo, Beni, Lubero na vijiji vyote vya kwetu Kongo mlivyotoka, nanyi vijana mliozaliwa hapa Brussels mkaja kutusikiliza, nimeombwa niseme kuhusu akiba ya uzee kabla chakula hakijaletwa.

Kuna neno linalorudiwa hata katika mikutano yetu wenyewe, kwamba sisi watu wa kwetu hatujui kuweka akiba. Nalikataa. Mji wa Butembo haukujengwa na serikali. Umejengwa na wafanyabiashara walioanza na maharagwe na kahawa, wakavuka mpaka wa Kasindi, wakafika Mombasa, na baadaye Dubai na Guangzhou, na faida wakaigeuza tofali. Hakuna aliyewalazimisha. Tazameni pia vilima vinavyouzunguka mji: mikaratusi kila upande. Mwalimu ambaye mshahara wake haukutosha kufikia mwisho wa mwezi alipanda mikaratusi mwaka aliopata mtoto wa kwanza, akijua kwamba mtoto akifika sekondari kutakuwa na mbao za kuuza. Ukiukata mkaratusi, kisiki kinachipua tena. Huyo mwalimu alikuwa na pensheni yake mlimani, na aliipalilia kwa mikono yake.

Kwa nini aliamini mti na hakuamini benki? Wazee mlioko hapa mnajua. Desemba 1979, siku ya Noeli, Rais Mobutu alifuta noti za zaire 5 na zaire 10, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Aliyeishi mbali na benki, fedha aliyoificha kwenye godoro ikawa karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, na zaire milioni 3 za zamani zikawa sawa na moja. Mwaka 1998 ikaja faranga. Wakati ule dola moja ilinunuliwa kwa faranga zisizofika mbili, na mwaka 2024 zilihitajika zaidi ya 2,700. Mtu aliyepita humo hakufundishwa uvivu. Alifundishwa kwamba fedha iliyolala inaibwa, hata kama hakuna mwizi aliyevunja mlango. Ndiyo maana ninapowasikia vijana wetu wakisema wazazi wao walikosa elimu ya fedha, moyo unaniuma. Elimu waliipata, tena kwa gharama kubwa.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo watu wetu walikubali kuweka fedha taslimu na wakaendelea kuziweka. Wale mama wa sokoni wa AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa, mnawajua. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Wanakaa kwenye duara. Kila mmoja anaitwa kwa namba yake, anasogea mbele, anatoa fedha, na kitabu chake kinapigwa muhuri mbele ya macho ya wote: hisa moja, mbili, hadi tano. Aliyechelewa anatoa faini. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kila mtu anakariri jumla ili mkutano ujao asidanganywe. Utaratibu huo ulianza Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima, na kwetu ulipokelewa kwa haraka kwa sababu likirimba, mchango wetu wa zamu, ilikuwa imeshatuzoeza.

Fikirini ni nini kinachomleta mama huyo kila wiki, hata wiki ambayo biashara imelala. Riba anaipenda, lakini riba peke yake haimtoi nyumbani. Anakuja kwa sababu kiti chake kikiwa kitupu wataulizana. Anakuja kwa sababu akiba yake anaiona kwa jicho, muhuri juu ya muhuri.

Kenya jambo hili lilipimwa. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa pensheni unaoitwa Mbao, kwa mafundi wa jua kali na wachuuzi, shilingi 20 kwa siku, zikitumwa kwa simu. Huko huko Kenya watafiti walijaribu mbinu kadhaa kwa watu wa kipato cha chini. Wengine waliahidiwa nyongeza ya asilimia 10 au 20. Wengine walitumiwa ujumbe wa kila wiki ulioandikwa kana kwamba umetoka kwa mtoto wao. Na wengine walipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba za wiki, wakae nayo nyumbani, na kila wiki wakwaruze alama kuonyesha wameweka au hawakuweka. Sarafu ile haikuwa na thamani yoyote dukani. Lakini waliokuwa nayo waliweka karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa kitu. Mke aliiona, watoto waliiona, na mwenyewe aliiona kila alipoamka.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua. Fedha zote za sanduku la AVEC hugawanywa kila mwaka. Likirimba inazunguka, na ikifika kwako unalipa karo, unanunua mabati, unaoza binti. Tunaweka akiba ya kila kitu isipokuwa ya miaka yetu sisi wenyewe tutakapokuwa hatuna nguvu. Hiyo tuliwaachia watoto, na miti, na nyumba ya kupangisha.

Watoto wetu hapa wanalipa kodi ya nyumba Brussels, wana watoto wao. Watatupenda, lakini hawatatubeba kama sisi tulivyowabeba wazazi wetu. Na miti? Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa mashambani mwao. Kakao ilipanda mwaka 2024 ikapita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, na humu ukumbini kuna familia zenye kakao nzuri ambazo haziwezi kukanyaga shamba lao. Simwambii mtu aache kujenga kwetu. Nyumba ya Butembo ni heshima yetu na ni kamba inayotufunga na makaburi ya wazee. Ninachosema ni kwamba asiweke uzee wake wote upande mmoja wa bahari.

Upande huu hesabu ni hii. Pensheni kamili ya Ubelgiji hupimwa kwa miaka 45 ya kazi, na kuanzia 2030 umri wa kustaafu utakuwa miaka 67. Aliyefika akiwa na miaka 38, akafanya kazi bila kukatika hata siku moja, atakuwa na miaka 29 ya kazi. Haifiki theluthi mbili. Na wengi wetu tumekatika: makaratasi yalichelewa, mgongo uliuma kwa kuinua wagonjwa, mtoto alizaliwa. Wanawake ndio waliokatika zaidi, na ndio watakaoishi muda mrefu zaidi.

Serikali hapa inaruhusu mtu anayelipa kodi afungue akiba ya pensheni yake binafsi. Ukiweka, tuseme, euro 80 kwa mwezi, mwaka unaofuata unapunguziwa kodi asilimia 30 ya ulichoweka. Ukifika miaka 60 hukatwa kodi ya asilimia 8, kwa kawaida. Ukiitoa mapema unakatwa asilimia 33, na mimi naona hilo ni jema, maana ni kufuli ya tatu ambayo ufunguo wake hauko mfukoni mwako siku shemeji anapopiga simu usiku.

Kwa hiyo nina ombi. Tusianzishe mfuko mwingine wa kukusanya fedha za watu. Tumeshapoteza urafiki wa kutosha kwa njia hiyo. Kila mmoja aweke kwa jina lake, benki anayoitaka. Ila tukae kwenye duara. Mara moja kila miezi mitatu, mwenye hiari aje na kijitabu, tupige muhuri: ameweka. Kiasi ni siri yake. Asiyekuja apigiwe simu, aulizwe kama yuko salama.

Mwezi ujao vijana wawili wataleta kompyuta hapa hapa. Njooni na kitambulisho na namba yake ya siri, wawafungulie tovuti ya pensheni, mypension.be, muone miaka yenu iliyohesabiwa na ile iliyosahaulika, maana mwajiri aliyesahau kuandika anaweza bado kuulizwa. Vijitabu tumeshanunua, viko kwa mama mweka hazina pale karibu na mlango.