Rangi ya Mtaa na Kodi ya Nyumba



Karani atokaye Tarime au Mugumu akihamishiwa Dar es Salaam hukuta majina ya zamani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Asili yake ni kanuni za ujenzi. Zile za Waingereza hazikutaja rangi ya mtu, bali aina ya nyumba iruhusiwayo kila eneo. Lakini zama hizo mshahara ulifuata rangi. Basi kila taifa likajikuta mahali pake.

Kariakoo, iliyopata jina kwa kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, ilikuwa mtaa wa Waafrika. Mwenye nyumba ya vyumba sita alikaa kimoja au viwili, vingine akapangisha. Hivyo mwenye mapato madogo alipata pa kulala, na kodi yake ikamlisha jirani.

Mwaka 1971 Serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi 100,000. Wahindi wengi wakahama nchi, na Waafrika wakaingia Uhindini. Tangu miaka ya 1990 maghorofa yamechukua mahali pa nyumba nyingi za Kariakoo, na wapangaji wakasogea pembezoni.

Ndugu zangu, mlango wa rangi umefunguliwa. Wa kodi ungalipo. Miji yetu nayo inakua. Basi yafaa mwenye kiwanja akipime, apate hati, wala asiuze kwa pupa. Na ajengapo, amkumbuke tarishi na mshahara wake.