Dari ya Bafu Inalowa Lini?
Mazungumzo na wenye nyumba za kupangisha, wapangaji na mafundi wa Lodwar na Kakuma



Mgeni akisikia tunazungumzia unyevu huku Turkana, atacheka. Sisi ni watu wa jua na vumbi. Lakini tazama juu katika mabafu ya nyumba nyingi za kupangisha: utaona doa la rangi ya chai, ubao uliobinuka, au shimo pale dari ilipoanguka. Mara nyingi hupakwa rangi tu kabla mpangaji mpya hajaingia. Rangi huficha doa, haizuii maji. Kabla ya kununua rangi, jiulize swali moja: dari hii inalowa lini?

Kama inalowa maji ya mfereji yanapofika, shida ni tangi. Maji yetu huja kwa zamu, mara nyingine usiku watu wamelala. Boya la tangi likiharibika, halifungi. Tangi hufurika na maji huishia darini. Badilisha boya, kisha weka bomba la kutoa maji ya ziada linaloishia nje, mahali unapoweza kuliona. Kumbuka pia kwamba tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Likae juu ya mnara imara, si juu ya mbao za paa.

Kama inalowa mvua ikinyesha, shida ni paa. Mabati hutanuka kwa joto la mchana na kunywea usiku, na msumari hulegea polepole. Mvua yetu ni ya nadra, lakini hushuka kwa kishindo, kama tulivyoona wakati wa El Niño mwishoni mwa 2023. Fundi apande asubuhi kabla mabati hayajapata moto, abadilishe misumari iliyolegea, aweke yenye kofia na mpira. Afanye hivyo kabla ya mvua za Machi.

Kama inalowa watu wakioga, shida ni hewa. Tunaziba madirisha ya bafu kwa sababu ya vumbi, na unyevu unakosa pa kutokea. Hupanda juu, na mabati yakipoa usiku hugeuka matone. Kisha kuvu nyeusi huota. Acha matundu ya hewa juu ya ukuta, uweke wavu wa mbu. Vumbi hufagiliwa, dari iliyooza haifagiliwi.

Ndugu zetu wa Kakuma watasema mabafu yao mengi hayana dari, ni mabati tu. Swali ni lile lile kwa mbao zinazoshika mabati hayo: mbao zikikaa na unyevu huoza, na mchwa huzipenda.

Sasa usalama. Dari ikibonyea kama tumbo, usisimame chini yake, na watoto wasiingie humo. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuigusa. Ukisafisha kuvu kwa klorini, usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Mpangaji, usingoje mwisho wa mwezi. Chora ukingo wa doa kwa penseli, andika tarehe, piga picha, umpelekee mwenye nyumba pamoja na jibu la lile swali. Mwenye nyumba, ukipata ujumbe huo, tuma fundi. Boya jipya ni rahisi kuliko dari mpya. Na katika mji ambao jirani ananunua maji kwa mtungi, tangi linalofurika usiku kucha ni hasara yetu sote.