Aliyetoka Shambani Asirudi



Mkulima aliyetolewa shambani katika vita vya 1914 hadi 1918, akapewa bunduki au akatwikwa mzigo, akafia njiani, tutamtafuta wapi? Kariakoo ya Dar es Salaam yadumisha jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ingalipo. Majina ya waliokufa hayapo. Mishahara ya maelfu ya wapagazi haikuwafikia warithi wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Haki yawadai hata walio hai kwa ajili ya wafu. Basi tuwaulize wazee: alizaliwa wapi, shamba lake alilirithi nani, mjane wake aliishije? Tufungue daftari za ubatizo na ndoa za parokia. Tutakachokipata tukiandike, na jina lake litajwe katika Misa ya Marehemu Wote, Novemba 2. Aliyehesabiwa pamoja na mizigo ahesabiwe tena miongoni mwa watu.