Mbona Mtungi Umekuwa Mzito?

Leo tuongee juu ya uzito. Siyo uzito wa mwili, huo una siku yake. Ninasema uzito wa mzigo.

Umechota maji pale Gatwekera, mtungi wa lita 20, na unapanda nao kuelekea reli. Unapoanza unauona wa kawaida. Ukifika katikati ya njia mkono unawaka moto, vidole vimekakamaa, na ungeapa kuna mtu ameongeza maji. Hakuna aliyeongeza. Lita 20 ni kilo 20 pale bombani, na ni kilo 20 mlangoni kwako, ukitoa yale yaliyomwagika. Basi kimebadilika nini?

Kimebadilika damu. Msuli ukikazwa huibana mishipa ya damu iliyo ndani yake, kama vile mtu anavyokanyaga mpira wa maji. Ukikaza na kulegeza, kukaza na kulegeza, damu hupata nafasi ya kupita. Lakini ukishika mtungi kwa nguvu bila kulegeza, damu inayopita ni kidogo sana. Oksijeni haifiki ya kutosha na taka za kazi hazitoki. Msuli unadhoofika, na ubongo, ili mtungi usianguke, unalazimika kutuma amri kubwa zaidi ya ile ya kwanza. Sasa sikiliza hapa: mwanadamu hupima uzito zaidi kwa ukubwa wa amri hiyo kuliko kwa kilo zenyewe. Amri ikiongezeka, wewe unaona mtungi ndio ulioongezeka.

Jaribu nyumbani. Inua mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine uning'inie. Fumba na kufumbua ngumi zote mbili haraka haraka, mara 40 hivi. Ule wa juu utachoka kwanza, kwa maana damu yake inapanda mlima. Papo hapo shika pakiti mbili za unga, za kilo 2 kila moja. Huenda ile iliyo katika mkono uliokuwa juu ukaiona nzito kuliko mwenzake. Wasusi na wapaka rangi wanaijua hali hii bila kufundishwa na mtu. Lakini tafadhali, usijifunge kamba wala mpira mkononi eti unajaribu.

Wataalamu walifunga, wakiwa na vifaa vyao. Mwaka 1931 huko London, Thomas Lewis na wenzake walizuia damu ya mkono kwa kifaa kama kile tunachokupimia presha, kisha mtu akakaza ngumi tena na tena. Baada ya muda mfupi maumivu yakaanza. Alipoacha kukaza maumivu hayakuondoka. Damu ilipofunguliwa ndipo yalipoisha, kwa sekunde chache tu. Mwaka 1937, hapa hapa Afrika, mjini Cairo, Alam na Smirk wakaonyesha jambo lingine: damu ikiendelea kuzuiliwa baada ya kazi, presha ya mwili mzima hubaki juu. Msuli wenye njaa unalia, na moyo unausikia. Kwa hiyo wewe mwenye presha, kazi ya kushikilia kitu kizito kwa muda mrefu bila kulegeza haikufai.

Akina mama zetu nao waliwashangaza wataalamu. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha utafiti juu ya akina mama wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipajini. Mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili waliubeba bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu! Lakini piga hesabu: kwa mama wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Mtungi wetu umepita hapo. Ukiweza, gawa maji katika mitungi miwili ya lita 10. Badilisha mkono kabla haujawaka, usingoje. Mshikio mwembamba uzungushie kitambaa usikate vidole. Na ukitua mzigo, kunjua vidole na kuvikunja mara kadhaa.

Huo ndio uzito wa kawaida, dawa yake ni kupumzika. Uko mwingine usiopaswa kuuzoea.

Wengi wetu hutembea kila asubuhi kutoka Kibera hadi Industrial Area, au kutoka Kawangware hadi Lavington na Westlands. Wapo wanaoniambia, "Sista, nikifika mahali fulani mguu unakuwa kama gunia la mchanga, shavu la mguu linauma. Nikisimama dakika chache unaisha. Nikiendelea, mwendo ule ule, unarudi." Huo mara nyingi husemwa ni uzee au baridi yabisi, na mtu hununua vidonge vya maumivu kioskini mwaka mzima. Lakini maumivu yanayokuja kwa kipimo na kuondoka kwa kipimo huweza kumaanisha mishipa ya mguu imeziba kwa sehemu. Sigara huleta hali hii kuliko watu wanavyodhani, na pia sukari na presha. Kidonda cha mguu kisichopona, kidole kinachogeuka cheusi, au mguu unaouma usiku ukiwa umelala, usilale nacho hata siku moja.

Na kifua kikiwa kizito ukipanda mlima, uzito ukielekea mkono wa kushoto au taya, hapo ni hospitali sasa hivi.

Kuna pia wale waliofungwa mfupa uliovunjika, iwe kwa plasta au kwa vijiti vya mganga wa mifupa. Kufungwa kunapaswa kupunguza maumivu. Yakizidi, vidole vikipoa na kufa ganzi, au ukilia mtu anapovinyoosha, damu imebanwa. Bonyeza ukucha uwe mweupe kisha achia. Rangi isiporudi ndani ya sekunde 2 hivi, ni hatari. Usiambiwe uvumilie hadi kesho: msuli uliokosa damu huanza kufa kwa saa chache. Vijiti vilegezwe, na uende hospitali usiku huo huo.

Wewe mwenye mguu mzito, kabla hujaenda Mbagathi au kituo cha afya cha Riruta, hesabu nguzo za stima unazopita kabla mguu haujauma, na dakika unazosimama mpaka upoe. Mwambie daktari namba hizo. Mwambie pia unavuta sigara ngapi kwa siku, bila kupunguza. Na uombe upimwe sukari, presha, na mapigo ya damu mguuni.