Dhahabu ya Juujuu

Somo: Kumb 25:13-16



Katika somo la leo Musa anawakataza Waisraeli kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na jingine jepesi. Mchuuzi mwovu wa zamani zile alinunua kwa jiwe zito na kuuza kwa jiwe jepesi. Mnunuzi aliona mizani imesimama sawa, akaridhika, akaenda zake amepunjwa. Macho yake hayakumdanganya. Aliyemdanganya ni yule aliyejua uzito wa jiwe akanyamaza. Leo napenda tulitazame jiwe hilo jepesi katika sura yake ya siku hizi.

Huko Marekani watu wengi hukusanya sarafu za dhahabu, wengine kwa kupenda uzuri wake, wengine kama akiba ya uzeeni. Mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo ilianza kutoa sarafu yenye picha ya nyati, ya dhahabu safi ya karati 24, yenye uzito wa wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1. Baadaye wafanyabiashara binafsi wakatoa sarafu za kuiga, wakazitangaza kwa wingi. Tangazo la namna hiyo hutaja kwa herufi kubwa dhahabu safi ya karati 24. Kisha, kwa herufi ndogo, hueleza kwamba sarafu imechovywa tu katika dhahabu hiyo, tuseme miligramu 31. Sikieni vizuri: si gramu 31, bali miligramu 31. Ili kupata wakia moja ya dhahabu, ingekubidi ukwangue sarafu zipatazo elfu moja.

Nyingine zina dhahabu hadi ndani, lakini hafifu. Dhahabu safi huhesabiwa kuwa sehemu 24. Ya karati 14 ina sehemu 14 za dhahabu, na sehemu 10 zilizobaki ni madini mengine kama shaba. Sarafu ya karati 14 yenye uzito wa nusu gramu haifikishi hata theluthi moja ya gramu ya dhahabu. Huwekwa katika kisanduku cha mahameli, pamoja na hati ya kuthibitisha uhalisi wake, na mnunuzi huhimizwa aharakishe kabla hazijakwisha. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapa tusikosee. Kuchanganya dhahabu na shaba si dhambi. Sarafu ya Krugerrand, iliyoanza kutolewa Afrika ya Kusini mwaka 1967, ni ya karati 22, maana shaba huifanya iwe ngumu isichakae upesi. Lakini uzito wake wote ni karibu gramu 33.9, ili dhahabu iliyomo itimie wakia moja kamili kama ilivyoandikwa juu yake. Shaba imo, na mnunuzi hakupunjwa. Kwa hiyo kosa haliko katika shaba. Liko katika moyo unaotaka shaba inunuliwe kwa bei ya dhahabu.

Mfikirieni bibi mmoja mstaafu, aliyenunua sarafu kama hizo mwaka hata mwaka ili awaachie wajukuu urithi. Siku ya shida anazipeleka kwa sonara. Sonara anazipima, anamtazama, anashindwa kusema. Hakuna mwivi aliyevunja mlango wa bibi yule, walakini akiba yake haipo.

Muuzaji atajitetea: "Niliandika yote, kama hakusoma, shauri yake." Ni kweli, sheria ipo. Tangu mwaka 1973 sheria ya Marekani inadai kwamba sarafu ya kuiga ipigwe chapa ya kuonyesha kuwa ni nakala. Lakini mtu aweza kuitimiza sheria na bado akamwibia jirani yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inafundisha kwamba kujipatia mali ya mwingine isivyo haki ni kuivunja amri ya saba, hata pale ambapo sheria ya nchi haijavunjwa. Na udanganyifu katika biashara umetajwa humo. Tena tusisahau amri ya nane. Neno la kweli likipangwa makusudi ili msikiaji aelewe uongo, limekuwa uongo.

Ndugu zangu, msiseme kwamba hayo ni ya Wamarekani. Debe lililobonyezwa kitako, nyanya nzuri juu na mbovu chini ya tenga, maziwa yaliyotiwa maji alfajiri: vyote hivyo ni jiwe lile lile jepesi. Nanyi makatekista, mnapofundisha amri ya saba, msiishie kwa mwivi wa usiku. Waulizeni wanafunzi wenu: Je, mnunuzi angejua ninachokijua mimi, angelipa bei hii? Kama jibu ni hapana, mwenye kuuza ana deni la kurudisha.

Mwisho, Bwana wetu alipoonyeshwa dinari aliuliza sura iliyomo ni ya nani. Sisi tumepigwa chapa ya Mungu katika Ubatizo. Inatupasa kujiuliza kama chini ya chapa hiyo kuna dhahabu, au Ukristo wetu umechovywa tu, wa kung'aa Jumapili na kubanduka Jumatatu sokoni. Mungu hapimi kwa herufi kubwa za tangazo.

Tuombe neema ya kuwa wakweli hadi ndani. Na aliyempunja mwenzake, wiki hii asikawie kumrudishia. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.