Chai Iliyopandisha Presha

 

Mama mmoja tunayemtibu presha alikuja kliniki akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio na hapati usingizi. Nilipompima, presha ilikuwa 180 juu, 110 chini. Nikamuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?" Akasema hapana. Nikamuuliza kama kuna kitu anakunywa, ndipo akatoa pakiti mkobani. "Sista, hii si dawa. Ni chai tu ya kupunguza mwili."

Kwenye pakiti paliandikwa mahuang. Hilo ni jina la Kichina la efedra, kichaka kinachomea katika majangwa na nyanda kavu za juu kaskazini mwa China na Mongolia. Ukikiona utadhani ni ufagio uliosimama, vijiti vya kijani vitupu. Wachina wamevichemsha kutibu pumu na kikohozi tangu zamani sana, nami sitawacheka, kwa maana vinafanya kazi. Ndani yake mna efedrini, ambayo hufungua njia za hewa kifuani.

Lakini efedrini hiyo hiyo hupandisha presha. Sisi wauguzi twaijua: mama anayejifungua kwa upasuaji akidungwa sindano ya mgongo na presha ishuke, efedrini ni mojawapo ya dawa zinazotumika kuirudisha juu. Sasa fikiria mtu ambaye presha yake tayari iko juu, anakunywa vikombe vitatu kwa siku! Marekani ilipiga marufuku bidhaa za kupunguza uzito zenye efedra mwaka wa 2004, baada ya watu kupata kiharusi na wengine kufa.

Na usiseme wewe hunywi chai ya Wachina. Baadhi ya tembe za mafua zina pseudoefedrini, ambayo pia imo katika mmea huo. Hata miraa ina kemikali ya jamii hiyo. Kwa hivyo ukija kliniki, beba kila unachotumia, hata unga uliofungwa kwa gazeti. Hatutakugombeza.

Ukipata maumivu ya kifua, uso ukipinda au mkono ukilegea upande mmoja, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja.

Mama yule aliacha chai, na baada ya wiki mbili presha ilikuwa 140 kwa 90. Akaniuliza kama pakiti iliyobaki anaweza kumpa dada yake. Nikamwambia aitupe chooni.