Kauli ya Uongozi wa Tawi kuhusu vita vya Gaza na ugomvi uliotokea kwenye kundi letu

*Maneno haya yalisomwa kwenye kikao cha tawi Jumapili jioni. Tunayatuma kwa kila mwanachama kwa kuwa wengi hawakufika, na wengine walishatoka kwenye kundi. Ni marefu. Tunaomba usome mpaka mwisho kabla hujajibu.*

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Salamu hizi tatu tunazitoa kila tunapofungua kikao, na kila mara zinaitikiwa zote na watu wote. Mwislamu anaitikia "Milele amina", Mkristo anaitikia "Waalaykum salaam", na hakuna anayeona ajabu. Jumanne iliyopita usiku, kwenye kundi letu la WhatsApp, tuliyasahau hayo yote.

Kwa ambao hawakuwepo: mwenzetu mmoja alituma picha ya nyumba iliyobomolewa Gaza, akaomba dua. Mwingine akajibu kwamba hao waliyataka wenyewe tangu tarehe 7 Oktoba. Wa tatu akasema waliouawa tarehe 7 Oktoba nao walistahili. Baada ya hapo hakukuwa na mazungumzo tena. Kufika saa sita usiku tulishatukanana dini, tukatukanana wazazi, na neno "wacha wafe" liliandikwa na watu wa pande zote mbili. Wanachama 14 walitoka. Mmoja wao ni mama yetu anayekusanya ada za tawi hili mwaka wa tisa sasa, mvua au jua.

Kundi tulilifunga asubuhi. Tulichelewa, na lawama hiyo ni yetu viongozi. Iko lawama nyingine pia. Miezi michache nyuma, ni sisi wenyewe tuliosambaza video ya watoto waliofukiwa na kifusi, tukaandika juu yake kwamba ni ya Gaza wiki ile. Kijana mmoja wa tawi akatuonyesha kwamba ni ya Syria, tena ya miaka mingi nyuma. Tuliifuta kimya kimya, hatukusema neno. Leo tunasema: tulikosea, na tunaomba radhi.

Tungeweza kutoa karipio na kuishia hapo. Lakini tuliona kwamba wengi tuliogombana usiku ule hatuijui vizuri vita yenyewe tunayoigombania. Kwa hiyo tuizungumze.

Tarehe 7 Oktoba 2023 ilikuwa Jumamosi, asubuhi ya sikukuu ya Wayahudi. Wapiganaji wa Hamas na vikundi vingine walivunja uzio wa Gaza wakaingia kusini mwa Israeli. Waliwakuta vijana kwenye tamasha la muziki, na wakaingia nyumba kwa nyumba katika vijiji vya ushirika vya mpakani, Be'eri, Kfar Aza, Nir Oz na vingine. Wazee wetu wa enzi za vijiji vya ujamaa wanaweza kupata picha ya vijiji hivyo: shamba la pamoja, bwalo la pamoja, watu wanaojuana wote. Waliuawa watu wapatao 1,200, wengi wao raia wasio na silaha. Wengine 251 walichukuliwa mateka. Kutoka Nir Oz alichukuliwa mama mmoja na wanawe wawili, mdogo akiwa na umri wa miezi 9. Walirudishwa Februari 2025, wote watatu wakiwa maiti.

Katika mashamba hayo walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania. Hawakuwa askari wala wanasiasa. Walikwenda kujifunza kilimo kwa vitendo na walikuwa na wiki chache tu tangu wafike. Mmoja aliletwa nyumbani akazikwa mwaka ule ule. Familia ya wa pili ilikaa zaidi ya miezi miwili haijui kama mtoto wao ni mateka au ni marehemu. Desemba wakaambiwa kwamba aliuawa siku ile ile ya kwanza, na mwili wake ulikuwa Gaza. Mwili huo ulirejeshwa Novemba 2025, baada ya miaka miwili na zaidi. Wale walioandika "walistahili" tunawaomba wafikirie sentensi hiyo ikisomwa na wazazi wa vijana hao. Kundi letu lina watu zaidi ya 200. Hatujui nani ni jamaa ya nani.

Sasa tuje Gaza, na hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo wengine wetu tumezoea kupita haraka.

Ukanda wa Gaza una kilomita za mraba 365 hivi. Ni kama robo ya kisiwa cha Unguja, au chini ya hapo. Kabla ya vita waliishi humo watu zaidi ya milioni 2, kuliko watu wote wa Unguja na Pemba katika sensa yetu ya mwaka 2022. Tangu mwaka 2007, Hamas ilipoitwaa Gaza, Israeli ilikuwa imeiwekea mzingiro, na Misri nayo ikibana upande wake. Hapakuwa na pa kukimbilia. Watu walipoambiwa wahame kaskazini waende kusini, walihama. Kusini nako kukapigwa, wakaambiwa wahame tena. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba karibu watu tisa katika kila kumi walihamishwa, na wako waliohama mara kumi. Kuhama kwenyewe ni kubeba bibi kwenye mkokoteni wa punda, godoro kichwani, na kufika mahali ambapo hema limeshajaa.

Wizara ya Afya ya Gaza imehesabu waliouawa zaidi ya 70,000. Mtu atasema wizara hiyo iko chini ya Hamas. Ni kweli iko chini ya Hamas. Ni kweli pia kwamba hesabu yake haitenganishi raia na mpiganaji. Lakini mashirika ya Umoja wa Mataifa yamezitumia hesabu zake kwa miaka mingi, vita baada ya vita, kwa sababu yakikagua yanakuta hazipishani sana na yao. Na katika hesabu hiyo wanawake, watoto na wazee ni zaidi ya nusu. Watoto peke yao wamepita 20,000. Bado waliobaki chini ya vifusi hawajaingizwa.

Tutamtaja mmoja bila jina. Januari 2024, mtoto wa kike wa chekechea alikuwa ndani ya gari na ndugu zake wakijaribu kutoka Jiji la Gaza. Gari likapigwa risasi, ndugu zake wakafa, yeye akabaki na simu. Alizungumza kwa saa kadhaa na watu wa Hilali Nyekundu, akiwaomba waje wamchukue kwa sababu giza linaingia na anaogopa. Gari la wagonjwa lilitumwa baada ya kuombewa njia. Siku 12 baadaye watu walipoweza kufika walimkuta amekufa, na karibu yake gari la wagonjwa limeteketea na wahudumu wake wawili wamekufa pia. Sauti yake ilirekodiwa. Hii si video ya Syria.

Na kuna njaa. Kuanzia tarehe 2 Machi 2025, kwa wiki kama 11, Israeli ilizuia unga, dawa na mafuta kuingia. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpakani. Agosti mwaka huo wataalamu wa kimataifa wanaopima njaa walitangaza rasmi baa la njaa katika Jiji la Gaza na maeneo yake. Sisi tunajua njaa ya ukame, mvua zikigoma. Hii haikuwa ya mvua. Chakula kilikuwepo, umbali wa kutembea kwa miguu.

Israeli inasema Hamas inajificha katikati ya raia, inachimba mahandaki chini ya nyumba zao. Hilo Hamas imelifanya, na ni kosa. Lakini sheria ya vita, ile ya Geneva ya mwaka 1949 na zilizoifuata, haisemi kwamba mwovu akijificha nyuma ya mtoto basi mtoto naye ni halali yako. Kila upande unabaki na wajibu wake hata kama mwenzake ameuvunja. Ndiyo maana Novemba 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa za pande zote mbili: Waziri Mkuu Netanyahu na aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na pia mkuu wa jeshi la Hamas, ambaye baadaye ilithibitishwa kwamba alikuwa ameshauawa. Kesi ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa na Afrika Kusini dhidi ya Israeli Desemba 2023 iko Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilishasema Septemba 2025 kwamba mauaji ya kimbari yametendeka, Israeli inakanusha. Hukumu ya mahakama bado.

Tuje kwenye dini, maana ndiyo iliyotuchoma.

Usiku ule kundi liligawanyika kama vile Gaza ni mechi ya Waislamu na Wakristo. Wako waliobandika bendera ya Israeli kwa kuwa wameisoma kwenye Biblia. Ndugu zetu, wengi wa raia wa Israeli ya leo ni Wayahudi, na Wakristo wengi wa nchi ile ni Waarabu. Gaza kuna kanisa la Mtakatifu Porphyrius, moja ya makanisa ya zamani sana duniani. Oktoba 2023 jengo la kanisa hilo lilipigwa na kuua Wakristo waliokuwa wamekimbilia humo. Kanisa Katoliki la Familia Takatifu nalo lilipigwa Julai 2025, wakafa watu watatu. Kwa upande mwingine, Oktoba 7 wapiganaji wa Hamas waliwaua na kuwateka pia Mabedui, Waislamu raia wa Israeli, wanaosali swala tano kama wanavyosali wao. Anayetaka kupanga maiti hizi kwa dini atakwama mapema.

Tuseme pia kwamba vita hii haikuanza Oktoba 2023. Wayahudi walitoka kuuawa milioni 6 Ulaya, wakataka mahali pa kuwa salama. Mwaka 1948, nchi yao ilipoundwa, Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na wajukuu wao bado wako kambini. Gaza yenyewe imejaa wajukuu hao. Tangu 1967 Ukingo wa Magharibi uko chini ya jeshi la Israeli, na walowezi wanaendelea kujenga juu ya ardhi ya watu. Julai 2024 Mahakama ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaliaji huo ni kinyume cha sheria.

Wako waliouliza tawi la mtaani linahusikaje. Nchi hii ilihusika mapema. Tulipopata uhuru Israeli ilikuwa rafiki. Hata JKT ilipoanzishwa mwaka 1963, wataalamu wao walichangia. Baada ya vita ya mwaka 1973 Mwalimu Nyerere akavunja uhusiano, na Wapalestina wakafungua ofisi Dar es Salaam. Uhusiano na Israeli ulirudi mwaka 1995. Leo balozi wa Palestina yuko Dar na sisi tuna ubalozi Tel Aviv. Nchi iliweza kuzungumza na wote wawili bila raia wake kushikana mashati.

Msimamo wa uongozi wa tawi, ili usije ukapotoshwa, ni huu. Mauaji ya Oktoba 7 na kuteka raia ni uhalifu, na kukaliwa na jeshi la kigeni hakuuhalalishi. Mauaji ya raia wa Gaza, mabomu juu ya mahema na kutumia njaa kama silaha ni uhalifu, na Oktoba 7 haikuuhalalisha. Hatusemi mizani iko sawa. Mwenye ndege, mwenye kufunga na kufungua lango la unga, ana jukumu kubwa zaidi, na walioko kaburini upande wa Gaza ni wengi mara nyingi zaidi. Kama kuna mwanachama anayeona tumeegemea, aje ofisini tujadiliane uso kwa uso. Usitishaji mapigano umekuwepo tangu Oktoba 2025, lakini hata baada ya hapo watu wa Gaza wameendelea kuuawa, na wengi wanaishi kwenye mahema juu ya kifusi cha nyumba zao. Tunaitaka serikali yetu iendelee kulisema hilo wazi katika Umoja wa Mataifa.

Kuhusu kundi. Litafunguliwa leo saa 2 usiku. Picha au video ya vita isiyo na tarehe, mahali na chanzo itafutwa, hata ikitumwa na mwenyekiti. Anayeandika kwamba raia yeyote, wa Gaza au wa Israeli, alistahili kufa, ataitwa kwenye kamati ya tawi. Walioandika hivyo Jumanne tunawajua, tumeshazungumza na watatu, na wawili wameomba wasamehewe.

Katibu atawapigia simu wale 14 mmoja mmoja kabla ya kuwarudisha, asiwarudishe bila ridhaa yao. Mama yetu wa ada tumemwendea nyumbani sisi wenyewe jana. Ametukaribisha chai. Amesema atafikiria, na daftari la ada bado analo yeye, kwa hiyo mwenye deni la mwezi huu ampelekee huko huko kwake.



Uongozi wa Tawi